Pua ya Mtunza Birika

Watu watasema Tuhfa anamwanika mumewe. Waseme. Mwenyewe kashajianika, tena kwa kipaza sauti, mtaa mzima ukamsikia. Miye nimebakiwa na nini cha kuficha?

Harufu niliisikia kwanza miguuni kwake. Shaame alikuwa ametoka msikitini baada ya Alasiri, kavua makubadhi mlangoni, kajinyoosha kwenye mkeka na nyayo kanielekezea miye niliyekuwa nakuna nazi. Nikaacha kukuna. Nikadhani kakanyaga kitu njiani. Nikamwambia, "Baba Salme, hebu kaoshe miguu." Akanijibu kwa ukali kwamba miguu hiyo imetoka kwenye udhu sasa hivi, nataka usafi gani mwingine? Nikarudi kwenye nazi yangu, maana nilikuwa nimechoka na chakula kilikuwa bado.

Mume wangu ni mtunza birika wa msikiti wa Mateteni, nje ya mji wa Tanga, ukishaiacha barabara ya kwendea Tongoni. Kazi hiyo aliirithi kwa babake, na babake alipewa na Waarabu wenye shamba, kina Himyar, alipovuka kutoka Pemba kuja kutafuta maisha. Wao ndio waliojenga msikiti na hilo hodhi la kutawadhia, na wakachimba mfereji wa mawe wa kuleta maji kutoka Ziwa Mateteni. Hakuna pampu, hakuna bomba, maji yanateremka yenyewe. Ndani ya birika mna perege wa kula viluwiluwi vya mbu. Kazi ya Shaame ni kuwatunza hao perege, kusugua kingo, kuzibua mfereji, na kuhakikisha maji yana twahara.

Hapo kwenye twahara ndipo penye hadithi. Tulivyofunzwa utotoni chuo cha Kurani, maji yakiwa mengi kama yale ya birika hayaharibiwi na kitu kilichoingia mpaka yabadilike rangi, au ladha, au harufu. Na yakibadilika, yaangaliwe yamebadilishwa na nini. Yakinuka tope au majani yaliyooza, tawadha, udhu wako unasihi. Yakinuka choo, hausihi, na aliyeswali kwa udhu huo hana sala, airudie. Tope peke yake kila mtu analijua, na choo peke yake kila mtu anakijua. Vikichanganyika ndipo inapotakiwa pua.

Na Shaame alikuwa na pua, jamani. Alikuwa akiinusa kata ya maji anakwambia mvua imenyesha upande gani wa ziwa. Siku ile alipokuja kwetu kuposa, alisimama mlangoni akawaambia wenzake halua ya humu imetoka duka fulani na imelala siku moja. Mama yangu alikasirika, na ilikuwa kweli imelala. Msikitini watu wakitilia shaka maji, walikuwa hawabishani. Walimwita Shaame, akanusa, akasema, yakaisha.

Kisha ikaja ile homa ya kifua. Ilimlaza, ikamwachia uhai alhamdulillahi, lakini harufu ikaondoka nayo. Nilijua siku nilipounguza maharage mpaka jirani akapiga hodi kuuliza kuna nini. Nilikuwa uani naanua nguo. Naingia jikoni mbio, namkuta bwana kakaa hatua chache na sufuria, moshi unamzunguka, anavuta uradi wake kwa raha zake. Nikamsogezea chupa ya uturi puani, akaniangalia tu. Nikalia miye, yeye hakulia. Akasema itarudi, na mpaka irudi hilo libaki humu ndani. Nikamkubalia, maana pua ya mtu ni yake.

Wakati huo ziwa lilikuwa limeshaanza kuisha. Si maji yaliyoisha, maji yamezidi mpaka tunayakimbia. Lililoisha ni ziwa lenyewe nililolikuta miye nikiolewa. Matete yalilizunguka pande zote, marefu, ukiingia kukata ya kujengea ua inabidi mwenzio akuite usipotee. Kando yake ndago za mikeka, na chini huku mashamba ya mpunga. Mvua ya masika ilishuka kutoka mashambani na maji mekundu, yakaingia kwenye matete, yakatulia humo. Yakitokea upande wa mfereji unayateka unaona kucha zako. Hatukujua kama matete yanatufanyia kazi. Tulidhani ndivyo maji yalivyo.

Mjukuu wa Himyar, anaitwa Luay, akauza viwanja. Simlaumu sana, shamba limegawanywa kwa mirathi mpaka kila mtu kabakiwa na upana wa mkeka, na mji wenyewe ulikuwa unakuja kwa miguu yake. Wanunuzi wakachoma matete, wakamwaga kifusi, wakajenga. Nyumba nzuri, siwezi kusema uongo. Mabati ya rangi, nyua zimetandikwa matofali ya saruji hata jani halioti. Sasa mvua ikinyesha maji hayana pa kupumzika, yanatoka kwenye mapaa yanakimbilia ziwani yote kwa pamoja, na ziwa likijaa linatuletea jikoni. Mpunga umekuwa wa kubahatisha. Ua sasa tunajengea nyavu za plastiki za dukani. Na mbu, usiniulize.

Shaame yeye alikuwa na furaha moja tu katika hayo. Msikiti ulijaa. Zamani ilikuwa safu moja na nusu ya wazee, leo Ijumaa watu wanaswalia nje juu ya majamvi. "Umeisikia ile amin leo?" ananiuliza. "Wallahi taa zinatikisika." Hao wageni waliohamia walimwita mzee wetu, walimletea tende, walimshika mkono. Miye nafurahi akifurahi, basi.

Jioni moja karudi kavimba kichwa. Kaketi, kaomba chai, kaanza kusimulia bila kuulizwa. Ati mmoja wa wale wageni, Mselem, aliyehamia kutoka Chumbageni na kujenga pale pale mdomoni mwa mfereji, alilalamika kuwa maji yananuka. Wengine wakasema ni tope. Wakabishana mpaka Imamu Badru akasema, "Mwiteni Mzee Shaame."

"Wakaniletea kata," akasema. "Watu wote wamenyamaza, wananitazama miye."

"Ukafanya nini?"

"Nikanusa."

"Ukasikia nini, Baba Salme?"

Akakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani. "Nikawaambia tope tu. Wakapiga bismillahi wakatawadha."

"Weye husikii hata maharage yakiungua!"

"Shusha sauti."

"Umenusa nini, mwanamume weye? Umenusa kata?"

Akasema yeye ameishi na maji yale tangu hajaota meno, anayajua kwa macho, anayajua kwa ulimi. Ziwa likifurika siku zote linanuka tope, kwa nini iwe kitu kingine? Nikamwambia miguu yake ile siku ile haikunuka tope. Akaondoka akaenda kukaa barazani. Ndoa ya miaka yote hiyo, na hatukuwahi kulala bila kusemezana. Tulianza hapo.

Kisha perege wakaanza kufa. Alisema ni joto. Akasema ni sabuni, vijana wa siku hizi wanaingia kuoga na masabuni yao. Akaenda kwa wachuuzi akaleta wengine kwenye ndoo, kawamimina kwa upole, na hao nao wakaelea matumbo juu. Aliwatoa mwenyewe asubuhi mapema kabla watu hawajaja, akawazika nyuma ya msikiti. Najua kwa sababu alirudi na jembe limelowa, na hakunitazama usoni.

Nikasema haya, nimechoka kubishana na mtu asiye na pua, niende na yangu. Sisi wanawake huenda kufagia kiwanja cha msikiti, basi nikachukua ufagio nikaenda peke yangu baada ya Adhuhuri watu wakishatawanyika. Nikainama kwenye birika, nikateka kwa kata, nikaileta puani. Astaghfirullah. Tope lilikuwemo, kweli, juu juu. Chini yake palikuwa na kile kingine, na hakuna mwanamke aliyelea watoto asiyekijua. Nikaimwaga, nikakaa kwenye ukingo.

Nikaufuata mfereji mpaka ziwani. Unaishia ukutani kwa Mselem, na Mselem mwenyewe alikuwepo, anamwagilia maua. Kijana mwenye adabu, nataka ijulikane. "Shikamoo bi mkubwa, karibu, karibu kivulini." Akaniletea maji ya ukwaju, akanionyesha nyumba, vigae, jiko, na choo alichokipenda kuliko vyote.

"Na shimo lake, mashallah," akasema, "tangu nihamie halijajaa. Kule Chumbageni tulikuwa kila mara tunaita gari la kunyonya. Hapa fundi kachimba mpaka kayakuta maji, akaniambia, bosi, una bahati, hili halitajaa maisha yako yote."

"Na majirani zako?"

"Wote hivyo hivyo, hakuna aliyewahi kuita gari. Ardhi hii ina baraka zake."

Nikatazama shimo lilipo. Nikatazama ziwa, hapo hapo, ungeweza kurusha kandambili ikaangukia majini. "Mselem mwanangu," nikamuuliza, "mnavyovitia humo huwa vinakwenda wapi?"

Akacheka. "Vinakwenda chini, bi mkubwa." Kisha akatazama nilikokuwa natazama, na kicheko kikamkatikia njiani. Mrija wa kumwagilia ulikuwa bado unatiririka mkononi mwake, unamlowesha miguu.

Nikarudi nyumbani nikamweleza Shaame yote, pole pole, bila matusi. Nilidhani atafoka. Hakufoka. Alikaa akiyatazama magoti yake, mzee, mdogo kuliko nilivyomzoea.

"Unataka nisimame mbele ya watu," akasema, "niwaambie nimewanusia kwa pua iliyokufa."

"Nataka waache kutawadhia choo."

"Babangu aliishika kazi hii mpaka anaingia kaburini. Watanitoa."

"Wakutoe. Usiposema weye kabla ya Ijumaa, nitamwendea Imamu Badru miye."

Hapo ndipo aliponitazama. Akasema kitu ambacho sikuwa nimekifikiria kabisa. "Na Abass je?"

Abass alikuwa sahibu yake, wametoka pamoja tangu utotoni, alikufa baada ya Maulidi. Kila sala alitawadha ubavuni mwa Shaame, na siku ile ya kubishana alikuwepo, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema bismillahi.

"Aliyafuata maneno yangu, Mama Salme. Miye naweza kulipa sala zangu. Zake nani atazilipa?"

Nikaenda nikakaa karibu yake kwenye mkeka, na ndiyo mara ya kwanza kwa wiki kadhaa kuketi hivyo. Miguu yake bado ilinuka.

Ijumaa ilipofika alivaa kanzu nyeupe, akafunga kilemba, akatoka bila kunywa chai. Miye nikabaki uani na ungo wa mchele. Hutuba ikaisha, sala ikaisha, na kile kipaza sauti ambacho wageni wetu walikinunua ili adhana ifike mpaka barabarani kikakoroma, kisha nikaisikia sauti ya mume wangu juu ya mapaa yote.

"Assalamu alaykum. Miye Shaame, mtunza birika. Miye sisikii harufu. Tangu homa, sisikii harufu yoyote. Siku mliyoniletea kata niliwaambia tope, na sikuwa nimesikia kitu. Maji yale si tope. Ni vyoo vya nyumba za ziwani. Nisameheni."

Jirani yangu alitoka jikoni kwake akasimama na mwiko mkononi. Kisha zikaanza sauti, mmoja anasema wee mzee umetumaliza, mwingine anacheka, mwingine anauliza sasa tulipe sala ngapi, mpaka mtu akakumbuka kuzima kipaza sauti. Mchele ulikuwa umemwagika miguuni kwangu. Nilikuwa namwonea fahari na huruma kwa pamoja, na uchungu, na sikujua nianzie wapi kulia.

Imamu Badru alihukumu kwa upole. Walio hai warudie sala zao tangu siku wanayoona kwa yakini maji yalikwisha badilika. Aliyekufa bila kujua hana lawama, Mola wake anamjua. Shaame alilisikia hilo la mwisho, lakini halikumwingia. Wengine walirudia za mwezi mmoja, wengine walisema sala zimekubaliwa bwana tuendelee na maisha. Yeye alijihesabia tangu siku ya homa. Nilimwambia huko ni kujidhulumu, akaniambia niache.

Kazi hawakumnyang'anya, ila waliondoa kilichokuwa kazi. Wakachanga wakanunua tangi jeusi la plastiki, gari likawa linaleta maji, wakaweka mabomba yenye koki. Mselem alichanga kuliko wote, na macho yake yalikuwa mekundu. Kuhusu mashimo walikaa kikao. Wakaulizana: tuyafukie, kisha twende wapi? Fundi mmoja akashauri wajenge mashimo ya kufunga kwa saruji chini, wakaitikia wote kwamba ni jambo zuri, inshallah, mambo yakikaa sawa. Matete yasingeweza kurudishwa, pale yalipokuwa kuna sebule za watu. Mpaka leo mashimo ni yale yale, na bado hayajai.

Mdomo wa mfereji Shaame aliuziba mwenyewe. Alikataa kusaidiwa. Alikoroga saruji kwenye karai, akashindilia magunia na mawe, akasawazisha kwa mwiko mpaka pakawa laini, kama kwamba kuna mtu atakayekuja kupatumia. Karudi nyumbani saruji imemkaukia vidoleni. Nikampashia maji akanawa, na siku ile alikula.

Tangu hapo anaswalia nyumbani sala za kulipa. Akitoka msikitini kuswali na wenzake, anakuja anaunganisha na ya zamani, na nyingine, mpaka magoti yanamlia. Anatawadha kwa maji ya kisima chetu cha uani, kile alichochimba babake, kwa sababu maji ya bomba hayajafika kwetu na ya madumu tunayaweka ya kunywa. Na kila akiteka, hatii mkono majini kwanza. Anakuja nilipo, iwe napika, iwe nafua, ananyoosha kata mbele ya uso wangu.

"Ninusie."

Mwanamume huyo, aliyewahi kuiaibisha halua ya mama yangu mbele ya washenga. Mara ya kwanza nilitaka kumtania, nikaona macho yake, nikaacha. Nikanusa. Nikamwambia, "Safi." Akashukuru, akaenda kutawadha. Imekuwa ndiyo mazungumzo yetu. Ninusie, safi. Ninusie, safi. Siku nyingine hatuna maneno mengine mpaka jioni, na nimeyazoea, nayapenda hata.

Wiki hii masika imeanza kwa nguvu. Ziwa limepanda mpaka kwenye migomba ya jirani, na uani kwetu kila unapokanyaga panabonyea. Leo mchana mvua ilikatika kidogo. Shaame akateremsha ndoo, akateka, akaja jikoni taratibu akilivuka tope kwa makubadhi yake. Nilikuwa nachambua mchicha. Akanyoosha kata.

"Ninusie."

Nikanusa. Nikanusa tena.

Alikuwa ananitazama usoni kama wale watu walivyomtazama yeye siku ile. Nyuma yake mkeka wa kuswalia ulishatandikwa. Tope lilikuwemo, juu juu. Ningesema tope. Mzee wa watu angetawadha, angeswali, angelala. Nani angejua? Hata yeye asingejua, yeye hasa.

"Mama Salme?"

"Mwaga," nikamwambia.